Mlango wa Pili wa Fizikia: Chuo cha Jamii Kabla ya Chuo Kikuu

Hotuba iliyotolewa kwenye Mkutano Mkuu wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani na mwanachama mwenzetu anayefundisha fizikia huko California, Marekani.



Najua msemaji wa baada ya chakula ana kazi ngumu, maana wanaomsikiliza wameshiba na macho yamekuwa mazito. Lakini jambo nililoombwa kulieleza linahusu ada, na sijapata kumwona mzazi anayesinzia ada inapotajwa.

Katibu aliniandikia kwamba Kamati ya Mfuko wetu wa Elimu imepokea maombi ya msaada kutoka kwa vijana wanaotaka kusoma fizikia, ambao wameandikishwa katika vyuo vya miaka miwili huko Marekani, yaani vyuo vya jamii. Maombi hayo yamekwama. Kifungu cha Mfuko kinasema msaada utolewe kwa kijana aliyepata nafasi katika chuo kikuu. Wajumbe wengine wanasema chuo cha jamii si chuo kikuu, na habari imekwisha. Wengine wanasema ni ngazi ya kwanza ya kufikia chuo kikuu, na ngazi haitupwi kwa kuwa haijafika darini. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha fizikia katika chuo cha namna hiyo, nimeombwa nieleze mambo yalivyo ili mkutano uamue. Maoni yangu nitayatoa mwishoni. Kwanza tukijue chombo chenyewe.

CHUO CHA JAMII NI NINI

Chuo cha umma cha kwanza cha aina hii kilianza mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Kilianza na wanafunzi 6. Walioshirikiana kukianzisha ni J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo, na William Rainey Harper, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wazo lao lilikuwa jepesi. Shahada ya kwanza Marekani ni ya miaka minne. Kijana abaki nyumbani kwao, asome masomo ya miaka miwili ya mwanzo mjini hapo hapo kwa gharama ndogo, kisha ahamie chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki.

Jimbo la California lilipitisha sheria ya kuruhusu masomo ya namna hiyo mwaka 1907, na mji wa Fresno ukawa wa kwanza kuyaanzisha mwaka 1910. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya jamii vienezwe nchi nzima. Kisha mwaka 1960 California ikaweka mpango mkuu wa elimu ya juu, ambao ndio msingi wa mambo nitakayoyasema leo. Mpango huo uligawa kazi kwa makundi matatu. Chuo Kikuu cha California kichague kutoka katika moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari. Vyuo vya jimbo vichague kutoka katika theluthi ya juu. Vyuo vya jamii vimpokee yeyote awezaye kufaidika na masomo. Lakini mpango haukuishia hapo, kwani uliagiza vyuo vikuu viwe na wanafunzi wengi zaidi katika miaka miwili ya mwisho kuliko ile ya mwanzo, ili pawepo nafasi kwa wale watakaohamia kutoka vyuo vya jamii. Leo California ina vyuo vya jamii 116.

Ndugu Mwenyekiti, nawaomba wanachama walipime jambo hilo kwa mizani ya malezi yetu. Sisi tulikulia katika mfumo wa ungo. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa ungo, na wa kidato cha sita ulikuwa ungo wenye matundu madogo zaidi. Aliyeanguka chini ya ungo alihesabiwa pumba, hata kama siku ya mtihani alikuwa na homa. Hivyo tunaposikia kuna chuo kinachopokea kila mtu, mara moja tunadhani ni jalala la walioshindwa. Wenzetu waliuweka ungo mahali pengine. Kuingia ni rahisi, bali kutoka upande wa pili, kuelekea chuo kikuu, ndiko kwenye kazi. Mwanafunzi huchujwa na masomo yenyewe, muhula baada ya muhula.

JE, FIZIKIA YENYEWE NI ILE ILE?

Swali la kwanza ninaloulizwa na wazazi ni hili: je, fizikia ya chuo cha jamii ni fizikia kweli, au ni uji wa wagonjwa?

Jibu langu ni kwamba ni ile ile, ila kwa sharti moja nitakalolieleza. Mfululizo wake kwa kawaida ni wa mihula mitatu. Muhula wa kwanza ni kani na mwendo: sheria za Newton, nishati, mzunguko na mvutano wa dunia. Wa pili ni umeme na sumaku. Wa tatu, kwa vyuo vingi, ni mawimbi, nuru, joto, na fizikia ya karne ya 20, yaani mambo ya Einstein, atomu na chembe za nuru. Vitabu ni vile vile vitumikavyo katika vyuo vikuu. Halliday na Resnick, kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1960, kinasomwa katika vyuo vikuu na kinasomwa katika chuo cha jamii cha mji mdogo wa mashambani.

Wazee wenzangu mliosoma kitabu cha Abbott, na baadaye Nelkon na Parker, mtaona tofauti moja kubwa, nayo ni matumizi ya kalkulasi. Abbott alitufundisha mwendo wa gari lenye mchapuko usiobadilika, na milinganyo yake tuliikariri kama sala. Lakini lori lenye shehena linapopanda mlima Kitonga, mchapuko wake hubadilika kila kona na kila dereva anapobadili gea. Hapo milinganyo ya Abbott haifui dafu. Kalkulasi ndiyo lugha ya vitu vinavyobadilika, na fizikia ya mwaka wa kwanza kwa atakayekuwa mwanafizikia au mhandisi hufundishwa kwa lugha hiyo tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo penye lile sharti nililolitaja. Vyuo vingi vya jamii vina fizikia ya namna mbili, na majina yake hukaribiana. Moja hutumia aljebra na trigonometria tu. Hiyo ni ya wale wanaokwenda kwenye udaktari, tiba ya viungo na kazi za namna hiyo, nayo inawafaa sana. Ya pili hutumia kalkulasi, nayo ndiyo ya wanafizikia na wahandisi. Mwanafunzi wa fizikia akichukua ile ya kwanza, hata akipata alama ya A, idara ya fizikia ya chuo kikuu haitaihesabu. Atairudia yote. Mzazi akitaka kujua kama mwanawe yuko kwenye njia, amwulize swali moja tu kwenye simu: "Fizikia unayosoma inatumia kalkulasi?" Jibu likianza na kigugumizi, asikate simu mpaka jambo hilo lieleweke.

Kuhusu ufundishaji, chuo cha jamii mara nyingi kina faida. Darasa langu huwa na watu 30 hivi. Katika chuo kikuu kikubwa somo hilo hilo aghalabu hutolewa ukumbini mbele ya watu mia mbili au mia tatu, na mwenye swali humwuliza msaidizi. Mwalimu wa chuo cha jamii ameajiriwa afundishe. Hapimwi kwa makala anazochapisha. Kwa kijana anayesoma fizikia kwa Kiingereza cha Kimarekani kwa mara ya kwanza, kujulikana kwa jina na mwalimu wake si jambo dogo.

FOLENI YA HISABATI

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye kiini cha hotuba hii, na hata mkisahau mengine yote naomba mlikumbuke hili. Kinachoamua kama kijana atahamia chuo kikuu kwa miaka miwili, mitatu au asihamie kabisa, aghalabu si akili yake. Ni foleni ya hisabati.

Naomba mnifuate. Fizikia ya kwanza haiwezi kusomwa mpaka kalkulasi ya kwanza iwe imesomwa, au katika vyuo vingine iwe inasomwa sambamba nayo. Fizikia ya pili yataka fizikia ya kwanza, na kalkulasi ya pili nayo iwe imesomwa au iwe inasomwa. Kisha kuna kalkulasi ya tatu, ile ya vekta na ya vipimo zaidi ya kimoja. Tena idara nyingi za fizikia za vyuo vikuu hutaka mwanafunzi afike akiwa amekwisha soma aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika.

Sasa pangeni katika mihula minne. Muhula wa kwanza, kalkulasi ya kwanza. Muhula wa pili, kalkulasi ya pili na fizikia ya kwanza. Muhula wa tatu, kalkulasi ya tatu na fizikia ya pili. Muhula wa nne, hisabati iliyobaki na fizikia ya tatu. Mihula minne imekwisha na hakuna nafasi hata moja ya akiba. Ni kama treni ya mabehewa yaliyofungwa pamoja: behewa moja likikwama, yote ya nyuma yanasimama.

Kijana akifika akaanzia chini ya kalkulasi, tuseme trigonometria, foleni nzima inasogea nyuma kwa muhula mmoja au miwili. Akishindwa kalkulasi ya pili, fizikia ya pili inaweza kumsubiri. Na katika vyuo vidogo, fizikia ya pili huenda ikatolewa muhula mmoja tu kwa mwaka, hivyo kukosa muhula mmoja ni kukosa mwaka mzima. Wapo vijana hodari waliokaa miaka minne katika chuo cha miaka miwili, si kwa sababu ya ujinga, bali kwa sababu hakuna aliyewachorea foleni hii siku ya kwanza.

Hapa vijana wetu waliosoma kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, ule tunaouita PCM, wana mtaji mkubwa wasioujua. Wamekwisha gusa kalkulasi kwa Backhouse au kwa vitabu vya siku hizi. Kijana wa namna hiyo hana sababu ya kuanzia aljebra. Aende na hati zake za matokeo, azifanyie tathmini mapema, na aombe kwa maandishi apangwe kwenye kalkulasi. Lakini awe mkweli kwa nafsi yake, kwani aliyekariri kanuni bila kuzielewa ataumbuka katika wiki ya tatu.

WANAOANGUKA NJIANI

Ndugu Mwenyekiti, nisiposema hili nitakuwa nimewauzia mbuzi kwenye gunia. Wengi wa wanaoingia vyuo vya jamii Marekani husema nia yao ni kupata shahada kamili. Wanaohamia chuo kikuu ni kama theluthi moja tu. Na wanaopata shahada ndani ya miaka sita tangu waanze ni chini ya 20 kwa kila 100.

Sababu ni nyingi. Wengi hufanya kazi saa nyingi, wana watoto, na husoma nusu nusu. Lakini sababu moja inatuhusu sana, nayo ni masomo kutohesabiwa baada ya kuhama. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kuwa wanafunzi waliohama vyuo kati ya mwaka 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya yuniti walizokuwa wamesoma. Yuniti ndicho kipimo chao cha masomo. Waliohama kutoka chuo cha umma cha miaka miwili kwenda chuo kikuu cha umma walipoteza kidogo kuliko hapo, lakini nao walipoteza. Ndugu zangu, hiyo ni ada iliyolipwa, usiku uliokeshwa, kisha kazi ikaambiwa haihesabiki.

Dawa yake ipo, wala si siri. California ina daftari la pamoja liitwalo ASSIST, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bila malipo. Humo imeandikwa somo lipi la chuo kipi cha jamii linalingana na somo lipi la chuo kikuu kipi cha umma. Vile vile sheria ya mwaka 2010 ilianzisha shahada ya miaka miwili ya kuhamia, yenye yuniti 60. Mwenye shahada hiyo huhakikishiwa nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, ingawa huenda isiwe kampasi aliyoitamani. Nacho Chuo Kikuu cha California kina kampasi 6 zinazotoa ahadi ya nafasi kwa aliyetimiza masharti: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego haziko katika ahadi hiyo, lakini nazo huwapokea wengi kutoka vyuo vya jamii.

Kwa hiyo kijana asiseme, "Nitasoma kwanza, nitajua pa kuhamia baadaye." Asiyejua aendako kila daladala ni lake. Achague chuo kikuu au viwili katika muhula wa kwanza, achukue orodha ya masomo yanayotakiwa na idara ya fizikia, kisha arudi nyuma akipanga muhula baada ya muhula. Tena atangulize fizikia na hisabati. Mengine ya jumla, kama historia na sanaa, mengi yake yanaweza kumaliziwa hata baada ya kuhamia, lakini kalkulasi haingoji.

GHARAMA

Sasa tufungue mkoba. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti moja katika chuo cha jamii, kiwango kilichowekwa mwaka 2012. Yuniti 60 ni dola 2,760 kwa miaka yote miwili, na wenye kipato kidogo wengi husamehewa hata hizo. Ada ya Chuo Kikuu cha California kwa mkazi hupita dola 14,000 kwa mwaka mmoja. Anayeanzia chuo cha jamii ameokoa fedha nyingi, na cheti atakachopata mwishoni ni cha chuo kikuu, sawa na cha mwenzake aliyeingia tangu mwaka wa kwanza.

Lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hesabu yake ni nyingine. Juu ya zile dola 46 huongezwa ada ya wasio wakazi, ambayo mara nyingi huwa dola 300 au zaidi kwa yuniti. Kwa yuniti 60 hiyo ni kama dola 20,000, bila chakula, bila pango, bila vitabu wala bima ya afya. Na akihamia Chuo Kikuu cha California, ada ya mgeni hupita dola 45,000 kwa mwaka. Sheria ya viza humtaka asome yuniti zisizopungua 12 kila muhula, na muhula ukiendelea haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo. Kwa hiyo yale maneno ya mtaani kwamba "akifika atajitegemea" ni hadithi. Kijana anayeosha vyombo usiku kucha kinyume cha sheria hawezi kupata A katika umeme na sumaku, na anaweza kurudishwa nyumbani.

Kwa sababu hiyo nawatenga vijana wetu katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale wanaoishi Marekani kihalali. Wapo walioshinda bahati nasibu ya viza, na wapo waliozaliwa huko na wanachama wenzetu. Wapo pia waliopelekwa kama wakimbizi, Wakongo na Warundi waliopitia kambi ya Nyarugusu, ambao wengine ni wakwe na jamaa zetu. Kwa hao chuo cha jamii ni mlango wa busara. Anayehamia California, kwa kawaida, huhesabiwa mkazi baada ya kuishi humo mwaka mmoja na siku moja na kutimiza masharti mengine.

Kundi la pili ni vijana walio hapa nyumbani. Niseme wazi, ingawa nafundisha huko: kama mwanangu angekuwa hapa na amepata nafasi ya kusoma fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ningempeleka Mlimani. Atamaliza kwa miaka mitatu na kwa fedha kidogo. Kumpeleka chuo cha jamii California kwa ada ya mgeni kuna maana tu pale ambapo fedha za miaka minne, narudia, minne, zinajulikana zitatoka wapi. Miaka miwili bila ile miwili mingine ni daraja lililoishia katikati ya mto.

BAADA YA KUHAMIA

Anayehamia mwaka wa tatu hukutana na mlima. Wenzake wanajuana, na wengine wamekwisha fanya kazi katika maabara za utafiti. Yeye anaanza mara moja na mekanika ya juu, nadharia ya umeme na sumaku, na fizikia ya kwanta, yote kwa hisabati nzito. Ni jambo la kawaida alama kushuka muhula wa kwanza. Wazazi wasishtuke wala wasimwite nyumbani. Ajiunge na kikundi cha kusoma pamoja, aende kwenye saa za ofisi za maprofesa, na aanze mapema kuomba nafasi maabarani, kwa sababu ana miaka miwili tu ya kufanya yale ambayo wenzake waliyagawa kwa minne.

Na wanaovuka huvuka kweli. Bruce Merrifield alisoma miaka miwili katika chuo cha aina hii huko Pasadena kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 1984 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Na kwa kuwa mfuko wetu ni wa mabinti pia, nimtaje Eileen Collins. Alimaliza Chuo cha Jamii cha Corning, jimbo la New York, mwaka 1976, akahamia Chuo Kikuu cha Syracuse na kupata shahada mwaka 1978. Mwezi wa Julai 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya chombo cha anga cha Marekani, na shehena aliyoipeleka angani ilikuwa Chandra, darubini ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wanafizikia wa dunia nzima wameitumia darubini hiyo.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, sasa natoa maoni yangu kama nilivyoahidi. Naomba mkutano ufikirie kurekebisha kifungu cha Mfuko kisomeke hivi: msaada utolewe kwa kijana aliyepata nafasi chuo kikuu, au aliye katika chuo cha jamii kwa mpango unaojulikana wa kuhamia chuo kikuu. Na mwombaji wa aina hii ya pili atimize masharti manne.

Kwanza, alete mpango wa masomo yake ya mihula yote, wenye foleni ya hisabati na fizikia, uliotiwa saini na mshauri wa masomo wa chuo chake. Pili, ataje chuo kikuu anachokusudia, na aonyeshe kwamba kila somo la fizikia na hisabati katika mpango wake linakubaliwa huko. Tatu, kama analipa ada ya mgeni, aonyeshe fedha za miaka minne zinatoka wapi. Kama hawezi, Mfuko umshauri asome hapa nyumbani, na umsaidie hapa. Nne, alete hati ya matokeo kila muhula, si ili tumwadhibu, bali ili behewa likikwama tujue mapema.

Najua wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kushusha hadhi ya Mfuko. Heshima ya Mfuko, kwa maoni yangu, itatokana na vijana watakaomaliza. Barua zilizo mezani kwa Katibu zinatoka kwa vijana ambao muhula wao ujao unaanza karibuni. Kalkulasi ya pili itaanza tukiwa tumekubaliana au hatujakubaliana. Naomba Kamati isiziache barua hizo mpaka mkutano wa mwakani.

Niko tayari kusaidia kuikagua mipango ya masomo ya waombaji wa fizikia, bila malipo, muda wote nitakaokuwa na nguvu. Nawashukuru walimu wetu waliotutia fizikia vichwani kwa chaki na subira.